Kabati la Bwana Ridha

Benchi la nje ya ofisi ya mafaili ya chuo cha ualimu lina mguu mmoja mfupi, na Mardhiya binti Nyange alishaijua tabia yake, maana hii ilikuwa siku ya tatu analikalia. Ukikaa upande wa mlango unatulia. Ukikaa upande wa dirisha, ukiinuka tu linapepesuka. Tangu asubuhi hakutia kitu tumboni ila vidonge vyake viwili na maji ya bomba, na vidonge vile daktari kamkataza kuvinywa na njaa. Lakini Jumapili alikwenda kwao Wingwi kumwona mama yake, na nauli ikala chai ya wiki nzima.

Alichokifuata ni karatasi moja tu. Aliijaza kwa mkono wake mwenyewe wiki ya kwanza ya masomo, na juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: TAARIFA HIZI NI SIRI. Fomu iliuliza kama mwanafunzi ana maradhi yoyote. Wenzake wengi waliandika hawana, hata waliokuwa wakikohoa palepale. Yeye akaandika kifafa. Akaandika kwamba anatumia dawa, kwamba hajaanguka miaka minne, na kwamba anaomba kitanda cha chini huko dakhalia watakakolala. Mwisho palikuwa na nafasi ya mengineyo, na hapo akatia jambo ambalo hata mama yake hajapata kumwambia: naogopa siku moja nitaanguka mbele ya wanafunzi wangu, wanione. Kitanda cha chini alipewa. Akashukuru, maskini, akaona kafika kwa watu wa kuaminika.

Kwao siri ile ilifungwa ikafungika. Siku alipoanguka mara ya kwanza, nyuma ya nyumba, Bi Mwanawema alimfunika kanga mwanawe akawaambia majirani kuwa ana homa. Yakaja makombe, yakaja mafusho, mwisho hospitali. Bi Mwanawema akalima muhogo, akanunua dawa, akanyamaza. Waliojua walikuwa watatu, pamoja na daktari.

Mwaka huu ikaja posa. Fahmi, kijana wa Madungu aliyemaliza chuo hichohicho mwaka jana. Mardhiya alimpenda, hakuna haja ya kulizungusha hilo. Na alikuwa kanuia kumwambia mwenyewe, kwa kinywa chake, kabla barua ya posa haijajibiwa. Hata maneno alishayapanga. Lakini wazee nao wana utaratibu wao: posa ikishapelekwa, hutoka mtu kwenda kuulizia. Huulizwa majirani, huulizwa mwalimu wa madrasa, huulizwa hata mwenye duka. Ami yake Fahmi, Mzee Masoud, aliitazama njia ya Wingwi na mashimo yake akaona ya nini yote hayo. Akenda chuoni, kwa Bwana Ridha karani wa mafaili, na kikapu cha halua mkononi.

Baada ya wiki mbili jibu likaja kwa adabu zote: nyota hazikupatana. Kila mtu anajua nyota hizo maana yake nini. Lingeishia hapo, Mardhiya angelilia, akafuta macho, akarudi darasani. Lakini Jumamosi, kwenye harusi ya watu, mke wa Mzee Masoud alimfuata Bi Mwanawema alipokuwa akikuna nazi na wanawake wenzake, akamshika mkono kwa huruma nyingi. Akamwambia asimlaumu mtu. Binti mwenyewe, alisema, kakiri kwa mkono wake kuwa anaogopa kuanguka mbele ya wanafunzi, wamwone.

"Maneno hayo kayatoa wapi?" Bi Mwanawema alimuuliza mwanawe siku ya pili yake. "Mie mama yako sijayasikia kwako."

Mardhiya hakuhitaji kufikiri. Maneno yale duniani yalikuwa mahali pamoja tu. Na mwezi ujao faili lake, pamoja na karatasi ile, litafuatana na barua yake kwenda skuli atakayopangiwa mazoezi ya kufundisha. Bila ya mazoezi hapati cheti. Na mwalimu mkuu gani atasoma yale ampokee? Ndiyo maana alikuwa hapa. Fahmi keshakwenda, basi ualimu usimpotee nao.

Saa sita kasoro akaitwa ndani.

Bwana Ridha ni mtu mpole, huo ndio ubaya wake. Hapandishi sauti. Ufunguo wa kabati la chuma huuvaa shingoni kwa uzi, na kila binti kwake huitwa "binti yangu". Juu ya meza palikuwa na kikapu cha halua kitupu, sasa kimetiwa vibanio vya karatasi. Mardhiya akaamkia, akaomba kwa heshima, kama alivyoomba jana na juzi, kuliona faili lake.

"Binti yangu, nishakwambia. Mwanafunzi haruhusiwi. Humo mna siri."

"Siri za nani?"

"Zako."

"Mzee Masoud kazisoma."

Alitaraji akane. Angekana angalau, roho yake ingepata pa kushika.

"Hajasoma," alisema Bwana Ridha. "Faili sikumtia mkononi, hilo haliruhusiwi. Nilimsomea."

Bwana Ridha akaendelea kumweleza taratibu, kama anayemsomesha. Kaja mtu mzima kumtaka shauri juu ya ndoa, na mwenye kutakwa shauri kapewa amana. Angeficha, kesho mbele ya Mungu angejibu nini? Au yeye Mardhiya alitaka ndoa ya hadaa?

"Na mie nilipoandika," alisema Mardhiya, "sikukupa amana?"

"Weye ulijaza fomu."

Basi akaomba lile alilolijia: karatasi ile iondolewe, faili lisiende nayo skuli. Bwana Ridha akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Kutoa karatasi katika faili la chuo ni kosa, mtu hufukuzwa kazi kwa hilo. Yeye ana miaka kumi na tisa ofisini na hajapata kuvunja kanuni hata moja. Ila kama hakuridhika, haki yake ipo. Akafungua mtoto wa meza, akampa fomu ya malalamiko.

Mardhiya akaijaza pembeni mwa meza, karibu na kile kikapu. Jina. Namba ya usajili. Eleza kwa ukamilifu taarifa inayolalamikiwa. Kalamu ikasimama hapo kitambo. Mwisho akaandika tena kifafa, na tena akaandika kuogopa kwake, maana bila ya hayo lalamiko lake halikuwa na kichwa wala miguu. Bwana Ridha akaipokea, akaisoma midomo ikicheza, akamrejeshea aongeze mwaka alioanza kuugua, la sivyo haitopokelewa. Akaongeza.

Bwana Ridha akaitoboa fomu matundu mawili. Akafungua kabati, akatoa faili, akaitia fomu juu kabisa, juu ya vyote.

"Na hiyo nayo itakwenda skuli?"

"Faili huenda zima, binti yangu."

Nje, kwenye benchi upande wa dirisha, alikaa mzee wa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, kakipakata kikapu cha halua. Mardhiya akamwamkia. Mzee akaitikia kwa bashasha, akauliza kama hapa ndipo kwa Bwana Ridha. Katoka mbali, alisema, kwa ajili ya kheri. Wana kijana wao, na kuna binti wa Fundo wanataka kumuulizia, anaitwa Safaa.

Safaa hulala kitanda cha juu ya chake. Siku ya kujaza fomu aliishika kalamu muda mrefu haandiki, na Mardhiya ndiye aliyemwambia andika kweli, dada, si umeona, wameandika ni siri. Na Safaa akaandika.

Mzee akainuka. Benchi likapepesuka, kikapu kikamponyoka, na Mardhiya, mtoto aliyelelewa akaleleka, akakidaka kabla hakijafika chini akamrejeshea kwa mikono miwili.

"Ahsante, mwanangu. Haya ndiyo malezi tunayoyatafuta."

"Karibu, Mzee, pita ndani," alisema Bwana Ridha, tayari anautoa ufunguo shingoni.