Ukurasa Uliokula Mega za Mama Agathe

Waliohudhuria, Jumanne, saa nane mchana, darasa la nyuma la parokia, Kabondo, Kisangani: Clothilde, mwalimu wa kompyuta na mwandishi wa programu, Dady, mchoraji wa kurasa, Fanny, mwandishi wa maneno, Mama Agathe, mjumbe wa wanawake wauza samaki wa Wagenia, kwenye maporomoko ya mto. Hakuna aliyekosekana.

Clothilde aliiandika orodha hiyo ubaoni kwa chaki kabla hajamkaribisha yeyote kuketi, kwani hakuwahi kuendesha kikao bila kwanza kuandika ni nani aliyemo chumbani. Kisha akaweka juu ya meza kompyuta yake, na kando ya kompyuta akaweka daftari lake la zana.

Daftari hilo lilikuwa na umri wa miaka minne. Kila zana ya kutengenezea tovuti aliyowahi kukutana nayo ilikuwa na ukurasa wake humo: hii ya kuchagua rangi, hii ya kutelezesha picha, hapa mahali pa kuchukulia herufi nzuri bila malipo, hapa mwongozo wa kusomwa polepole na kurudiwa. Chini ya jina na tarehe yalifuata maelezo mafupi, na pembeni, kwa wino mwekundu, hukumu ya neno moja: Inafaa, au Haifai. Dady na Fanny walilichukua daftari kama sheria. Mwalimu akishaandika Inafaa, mjadala umekwisha.

Siku hiyo ndipo sheria ilipaswa kuzaa matunda. Wanawake wa Wagenia walitaka ukurasa ambao mteja ataufungua asubuhi, aone ni samaki gani waliotoka majini, na ampigie simu muuzaji kabla jua halijawaharibu. Jumamosi wangekutana wote. Wakiukubali ukurasa, kazi ingekuwa ya Clothilde na wenzake. Wakiukataa, kulikuwa na kijana mwingine mjini aliyekwisha kuwaahidi wa kwake. Miaka yote Clothilde alikuwa amewafundisha wanafunzi kutengeneza kurasa zisizosomwa na mtu. Huu ungekuwa wa kwanza kutumiwa, na alitaka utumiwe kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Akaufungua kwenye kompyuta. Maporomoko yakatokea kioo kizima, picha ikaipisha picha, majina ya wauzaji yakashuka taratibu kwa herufi za madaha.

"Iko muzuri, Madame," alisema Mama Agathe. "Vraiment. Bon, sasa tuone kwa yangu."

"Kwa yako?"

"Kwa telefoni yangu. Bamama wa kule hawana machine kama hii yako."

Akaitoa simu yake mkobani, kioo kimepasuka kona moja, akawasha intaneti ambayo, kama wenzake wote, aliizima kila asipoihitaji ili mega, kipimo cha intaneti aliyoilipia, zisivuje bure. Fanny akamwandikia anwani. Kiduara kikaanza kuzunguka juu ya weupe.

Kilizunguka mpaka Dady akaanza kujikuna shingo. "Mama, ni réseau hiyo. Inua mukono kidogo, karibu ya dirisha."

"Nipande na juu ya meza? Sema tu, nitapanda."

Simu ikalia. Mama Agathe akavaa miwani, akasoma ujumbe kwa sauti: forfait yake ya siku, kifurushi chake cha mega, ilikuwa imekwisha.

"Alors!" Akaivua miwani na kuwatazama mmoja mmoja. "Page yenu imekula mega zangu zote, na haijanionyesha hata samaki mumoja. Hata paka anaachaka kichwa!"

Dady alicheka peke yake.

Kisingizio cha mtandao mbovu kilikuwa tayari ulimini mwa Clothilde, na kilikuwa kisingizio kizuri, kwa maana hapa Kisangani hakuna ambaye angekipinga. Alikimeza. Akafanya kile ambacho kila siku huwaamuru wanafunzi wakifanye: kurudi mwanzo na kuonyesha kazi hatua kwa hatua.

Ndani ya kivinjari mna kifaa cha ukaguzi kinachoorodhesha kila faili inayoitwa na ukurasa, uzito wake na muda wake wa kufika. Alikuwa na habari zake. Kilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa wino mwekundu. Akakifungua, akakiamuru kivinjari kisahau kila kilichowahi kuhifadhi, akaufungua ukurasa upya. Kompyuta ileile iliyokuwa imemeremeta sasa ikasimama nyeupe. Faili zikaanza kushuka kwenye orodha moja moja kwa kujikokota, karibu zote zikitoka kwenye mashine za mbali, ng'ambo ya bahari.

"Nimeelewa," alisema. "Vitu hivi vyote kompyuta yangu ilikwisha kuviweka. Kila nilipojaribu zana, ilinipa kile ilichokuwa nacho tangu zamani, nami nikaandika kwamba ni nyepesi. Nimekuwa mwalimu anayemsifu mwanafunzi aliyeona majibu kabla ya mtihani."

"Daftari yote, Ya Clothilde?" aliuliza Fanny kwa sauti ndogo, kwani yeye na Dady walimwita Ya, dada mkubwa.

"Lote. Kila Inafaa iliyomo humu maana yake inafaa kwangu."

Akakisogeza kiti. Hakuona sababu ya kulia mbele ya orodha iliyomwambia wazi mzigo uko wapi. Herufi za madaha zikatoka kwanza; simu ya Mama Agathe ilikuwa na herufi zake zinazosomeka. Fanny akaikata mwenyewe salamu yake ya mistari saba, ikabaki mmoja. Kisha wakafika kwenye maktaba ya kutelezesha picha, msimbo wa kuazima ulioandikwa na wengine, na hapo palikuwa na zaidi ya nusu ya uzito wote.

"Ya Clothilde, non!" Dady alisimama. "Zile picha nilizipiga nikiwa juu ya miti ya mitego ya samaki, maji iko inanguruma chini yangu, nilikuwa karibu kuanguka. Bila zile, page itafanana na tangazo ya kilio."

"Ulianguka," alisema Fanny.

"Goti tu!"

"Mimi nilikuona," alisema Mama Agathe. "Tulicheka siku mbili. Dady, mwanangu, sikiliza. Maporomoko haitoroke, mutu atakuja kuiona. Mutu anayefungua page asubuhi anataka kujua kama kuna samaki ya kapitene ao hakuna."

Clothilde akaifuta maktaba nzima, akaandika msimbo mfupi kwa mkono wake, akabakiza picha moja iliyobanwa hadi ikawa nyepesi. Kazi ilichukua saa moja na nusu. Fanny akamtumia Mama Agathe sehemu ya mega zake, na Clothilde, kwa makusudi, akaishusha simu kwenye mtandao wa polepole kuliko yote.

Ukurasa ulifunguka kabla Mama Agathe hajamaliza kuvaa miwani. Samaki wa siku hiyo, mbenga, kapitene, ngolo; jina la muuzaji, namba yake. Akabonyeza namba ya kwanza aliyoitambua, simu ikaita.

"Josée! Ngolo iko?"

"Iko mbili. Uko wapi weye?"

"Niko ndani ya page."

"Page gani tena?"

"Utaiona Jumamosi, kama wataimaliza." Akakata, akakigeuza kioo kuwaelekea. "Inafungukaka. Lakini sasa iko tupu sana, kama ubao ya darasa. Bamama wanaweza kucheka."

"Basi tuombe wiki moja," alisema Dady upesi. "Wiki moja tu, Ya Clothilde, tutafute zana nyepesi, tuirudishe uzuri wake."

Fanny alimtazama Clothilde. Mama Agathe pia alimtazama, mkoba tayari magotini.

Clothilde alisimama mbele ya ubao, akasema kwa sauti ileile anayoitumia kutangaza matokeo ya mtihani.

"Wiki hatuiombi. Jumamosi ukurasa unakwenda Wagenia kama ulivyo. Picha zako, Dady, zinabaki nyumbani. Na hukumu zangu zote nyekundu nimezifuta leo. Kuanzia kesho asubuhi tunaanza tena tangu zana ya kwanza, moja baada ya nyingine, kwa telefoni, pale pale majini. Na atakayesema inafaa au haifai hatakuwa mimi. Atakuwa Mama Agathe."