Alichosikia Pantaleo

Mara ya kwanza Pantaleo alipokuja kununua magogo, Apolonia aliwahudumia watu wote waliokuwa nyuma yake. Walikuwa saba. Mmoja baada ya mwingine walimpita begani, wakachagua, wakapakia, wakaondoka, naye akabaki amesimama kwenye maranda, kofia mkononi. Jua lilipofika utosini, Apolonia alifunga mnyororo wa geti mbele ya uso wake.

"Kesho pia hutapata," alimwambia.

"Nimesikia," alijibu Pantaleo, akavaa kofia, akaenda zake.

Pale Katoro kila mtu alijua sababu. Miaka minne nyuma, Marselino, kaka yake Apolonia, alifukiwa ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, lenye kina cha futi tisini, na msimamizi wa duara lile alikuwa Pantaleo. Wenzake watatu waliwahi kutoka. Wanaume sita walichimba kwa zamu kumtafuta. Siku ya tatu asubuhi Pantaleo aliwapandisha wote juu, akatangaza kwamba huko chini hakuna dalili ya uhai na kuta zinacheza. Siku chache baadaye duara likafukiwa, msalaba ukasimikwa juu ya kifusi. Nyumbani kwao Songwa waliomboleza bila jeneza. Mama yao alizika shati.

Apolonia alikuwa fundi cherehani Ngokolo, mjini Shinyanga. Alifika machimboni siku ile ile ya tatu, baada ya tangazo, akamkuta Pantaleo ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja ameuegemeza kwenye bomba la hewa lililoteremka shimoni, kama mtu aliyechoka kusimama. Alimwita muuaji mbele ya umati, akarudia mpaka sauti ikakauka. Pantaleo hakujibu neno. Ukimya ule ulimchoma kuliko msiba wenyewe. Aliuona kuwa ni kiburi.

Arobaini ilipopita aliacha ushonaji, akahamia Katoro na kuanza kuuza matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za maduara. Gogo jembamba hakuliuza. Kila moja alilipima kwa kulikumbatia, na lile ambalo vidole vyake vilikutana upande wa pili alilikata kuni. Watu walisema amefuata dhahabu kama wengine. Ukweli ni kwamba alitaka kuishi karibu na mtu ambaye yeye mwenyewe alimchukia, amwone akizeeka. Chuki yake ilikuwa na kazi ya kufanya kila siku, na hilo lilimsaidia kuamka asubuhi.

Mama yake Pantaleo alipofariki, Apolonia alikwenda msibani. Alisubiri wimbo uishe, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Wewe angalau umemwona unayemzika."

Waombolezaji waliinamisha vichwa. Pantaleo alimtazama kwa macho mekundu, akasema, "Ni kweli."

Jibu hilo lilimfuata Apolonia njia nzima ya kurudi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi.

Mwezi wa pili uliofuata, mvua zikiwa zimekolea, alipeleka mzigo wa magogo kwenye duara jipya alilokuwa akisimamia Pantaleo. Si yeye aliyeagiza. Mwenye duara ndiye aliyetuma watu. Apolonia alipofika alikuta vurugu. Wachimbaji kumi na wawili walikuwa wamemzunguka Pantaleo, naye amesimama kwenye mdomo wa duara, ameshika kamba ya kushukia.

"Leo hakuna anayeshuka," alikuwa akisema.

"Magogo haya hapa yamefika!" mmoja alipiga kelele. "Unaogopa nini tena, mzee?"

Apolonia hakuweza kujizuia. "Magogo yangu yana kasoro gani?"

"Hayana kasoro," alisema Pantaleo. "Ukuta ndio unatoa maji. Hakuna gogo linaloshikilia matope."

Mchimbaji mmoja alimsukuma kifuani. Pantaleo aliyumba, akashika kamba kwa mikono yote miwili, hakuondoka. Walimtukana mpaka wakachoka, wakatawanyika wakitema mate.

Ukuta haukuanguka. Wiki nzima ulisimama imara, jua likaukausha, na Katoro nzima ikamcheka Pantaleo kwa kuwalaza watu njaa bure. Apolonia alimkuta sokoni akinunua chumvi, nyuma yake vijana wa bodaboda wakimwigiza anavyotetemeka.

"Wanakucheka," alimwambia. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake yasiyokuwa na kisu ndani.

"Nawasikia. Walikuwa washuke kumi na wawili, na wote kumi na wawili wanacheka." Alifunga mfuko wake wa chumvi. "Kwenye duara la Marselino niliona matimba membamba, nikanyamaza kwa sababu mwenye duara alikuwa na haraka. Hilo ni kosa langu, sina wa kumtwisha. Nilitaka ulisikie kwangu."

Hakuomba msamaha, wala hakusubiri kuona uso wake utasemaje. Kesho yake alipokuja kwenye magogo, Apolonia alimhudumia kwa zamu yake.

Urafiki wao, kama ulistahili jina hilo, ulikwenda mwendo wa mtu anayejifunza kutembea baada ya kuvunjika mguu. Pantaleo hakuwahi kuvuka geti bila kupiga hodi. Apolonia akimuuliza swali, alilijibu. Asipomuuliza, alipakia magogo yake na kuondoka. Siku ambazo sura ya Marselino ilimjia na hasira ikapanda, alimwambia wazi, "Leo siwezi kukutazama," naye aligeuza baiskeli bila kununa. Mwaka ulipokaribia kwisha, Apolonia alimwambia, "Nilichokufanyia kwenye msiba wa mama yako kilikuwa kibaya. Hakuwa amenikosea kitu." Pantaleo aligeukia ukuta, akajifanya anahesabu magogo.

Apolonia ndiye aliyetangulia kupiga hatua. Asubuhi moja, akiandika vipimo kwa chaki, alisema bila kuinua macho, "Jumapili uje ule kwangu."

Alipoinua macho alimwona Pantaleo amevua kofia.

"Siwezi kula kwako kabla hujajua," alisema. "Siku ile nilisema hakuna dalili ya uhai. Nilidanganya. Marselino alikuwa anagonga."

Chaki ilivunjika kati ya vidole vya Apolonia. "Anagonga nini?"

"Bomba la hewa. Mara tatu, kimya, mara tatu. Ukuta wa mashariki ulikuwa unadondosha mawe, na mle ndani walikuwemo watu sita. Nikawapandisha. Ningetangaza kwamba anagonga, watu wangeshuka wenyewe, na wewe ulikuwa njiani unakuja. Nikasema hakuna kitu."

"Nilipokukuta kwenye ndoo…"

"Mkono wangu ulikuwa kwenye bomba. Nilikuwa namjibu. Sikujua la kufanya, Apolonia. Nilimgongea mara tatu, naye akanigongea. Tuliendelea hivyo mpaka saa tisa alasiri. Kisha nikagonga mimi peke yangu."

Nje lori lilipita, likaacha vumbi. Apolonia alitaka kupiga kelele, lakini kelele zote alikwisha kuzipiga siku ile, hatua tatu kutoka kwenye lile bomba.

"Toka," alisema. "Usirudi mpaka nikuite. Na nisipokuita, usirudi."

Pantaleo alitoka.

Tangu siku hiyo Katoro nzima ilianza kugonga. Nyundo za mafundi seremala, mchi wa jirani akitwanga mtama, matone ya kwanza ya mvua juu ya bati: vyote vilikuja vitatu vitatu, vikanyamaza, vikaja tena. Apolonia alizima redio ili asikie vizuri, kisha akaiwasha ili asisikie. Lililomtesa zaidi halikuwa uongo wa Pantaleo. Bomba lile lilikuwa wazi juu. Kama lilileta kugonga kwa kaka yake hadi kiganjani mwa mtu, basi liliweza pia kupeleka sauti chini. Na sauti aliyoipeleka yeye ilikuwa neno moja, muuaji, tena na tena. Hakukumbuka kama aliliita jina la Marselino hata mara moja.

Mwezi wa pili wa upweke ule alimtafuta Eustace, mmoja wa wale sita, ambaye sasa alitengeneza baiskeli kwenye barabara ya kwenda Ushirombo. Alimkuta ameinamia gurudumu.

"Shikamoo, kaka Eustace."

"Marahaba." Alimtambua, akafuta mikono kwa kitambaa taratibu. "Amekwambia."

"Nanyi mlisikia?"

"Tulisikia sote. Mimi nilikataa kupanda. Nilimpiga Pantaleo ngumi ya mdomo akiwa ananifunga kamba." Alikunja kitambaa. "Ukuta wa mashariki ulianguka kesho yake, saa sita mchana."

"Kesho yake," alirudia Apolonia. "Siyo siku ile."

"Siyo siku ile. Najua unachohesabu, dada yangu. Nami nimekihesabu miaka mitano. Labda tungemfikia jioni. Labda mtikisiko wa majembe yetu ungeuangusha mapema, tukawa saba. Kila asubuhi nafikia jibu tofauti." Alizungusha gurudumu, likalia. "Sote sita tulikubaliana kunyamaza. Yeye peke yake ndiye aliyebaki Katoro akitukanwa."

Apolonia alirudi kwa miguu. Alikuwa amekwenda kutafuta hukumu, ya kumfunga mtu au ya kumwachia, na hakupewa. Aliona kwamba hataipata popote. Akitaka kumpenda mtu huyu, atampenda bila kujua. Akitaka kumchukia, hali kadhalika. Na katikati ya uchungu huo aligundua jambo dogo. Miezi miwili imepita, na Pantaleo hakuja. Hakutuma mtu kumsemea, hakusimama mbali ng'ambo ya barabara ili aonekane anavyoteseka. Aliambiwa asije, hakuja.

Ilipita miezi miwili mingine ndipo akamwita.

"Hukuja," alisema.

"Hukuniita."

"Na kama nisingekuita kabisa?"

"Nisingekuja."

Alikuwa amekonda. Apolonia alimpa kigoda, naye akakaa juu ya gogo. "Kuna sehemu sijakusamehe," alisema. "Sijui kama itasameheka. Sitaki uishi na mimi ukiisubiri kama mshahara."

"Sitaisubiri."

"Na mimi usinisamehe haraka. Nilipiga kelele siku ile, huenda alinisikia."

Pantaleo aliwaza. Angeweza kumwambia kwamba bomba lilikuwa refu, kwamba chini hakusikiki kitu. Apolonia aliliona jibu hilo likifika midomoni mwake na likarudi.

"Sijui kama alisikia," alisema. "Ninajua tu kwamba hata baada ya hapo aliendelea kugonga."

Apolonia alilia, kwa mara ya kwanza mbele yake, naye hakumgusa mpaka yeye mwenyewe aliponyoosha mkono.

"Mama lazima ajue," alisema baadaye. "Kwa mdomo wako. Mimi nilimwambia Marselino alikufa mara moja, kwa kuwa ndivyo nilivyoambiwa."

Walifika Songwa Jumamosi, jua likiwa bado na nguvu. Mama yake alikuwa uani akianika michembe ya viazi vitamu juu ya turubai. Majirani waliendelea kumwita Mama Marselino. Hakuna aliyethubutu kumpa jina lingine. Pantaleo alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita mayu, yaani mama, akapiga goti moja, akaeleza yote bila kupunguza, matimba membamba, uongo, bomba. Mikono ya mama iliendelea kugeuza vipande vya viazi, kimoja kimoja, mpaka vikaisha.

"Aligonga hadi saa tisa," alisema mama.

"Ndiyo, mayu."

"Nawe ulimjibu."

"Ndiyo, mayu."

Mama aliingia ndani. Walimsubiri kwa muda mrefu, kivuli cha ghala kikahama kutoka miguuni mwao hadi ukutani. Apolonia alitamani kuingia akamtetee Pantaleo, na alitamani pia kuingia akamlilie kaka yake. Alibaki pale alipokuwa, kwa sababu yote mawili hayakuwa yake ya kusema. Mama alipotoka alikuwa amenawa uso, na kanga ameifunga upya.

"Leo sitakula nawe," alimwambia Pantaleo. "Siwezi. Mtama ukishavunwa, uje tena. Kuna mambo nitataka kukuuliza, na leo sijayajua."

"Nitakuja, mayu."

"Nije naye?" Apolonia aliuliza.

"Wewe hapa ni kwenu, huulizi," mama alisema. "Njia ni ile ile moja. Mtajua wenyewe mnavyokuja."

Wakashika njia ya kurudi barabarani, mashamba pande zote mbili. Mtama ulikuwa bado magotini, majani yake yakisuguana kwa upepo. Pantaleo aliinama, akagusa jani moja kwa ncha ya kidole.

"Huu huvunwa lini?"

"Mwezi wa sita," alisema Apolonia. "Mvua ikikubali."

"Na isipokubali?"

Apolonia alipunguza mwendo, mpaka hatua zao zikalingana, na mbele yao barabara ilikuwa nyeupe na haina mtu.