Vidonge Vinne vya Mektrida

Kornel alipotokea na jani la isale mkononi, Mektrida alikuwa uani kwake huko Uru akimenya ndizi, na kisu nusura kimkate kidole. Miaka kumi na moja kaka yake huyo hakuwa amekanyaga pale. Mara ya mwisho alipofungua mdomo mbele yake ilikuwa kwenye matanga ya baba yao, aliposimama mbele ya ukoo akasema mwanamke hana kihamba, shamba la urithi wa ukoo. Mektrida aliyakumbuka maneno yale neno kwa neno, na aliwakumbuka waliocheka.

Leo mzee yule amesimama kati ya migomba, jani limefungwa fundo, anamnyooshea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nisamehe, dada. Halafu nina ombi."

Kila mtu wa mlimani anajua kwamba isale halikataliwi. Ukilipokea umesamehe, na ulichoombwa unatoa. Mektrida akalipokea. Ndipo Kornel akalitaja ombi lenyewe: vidonge.

Mektrida alikuwa na saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Shangazi yao aliugua ugonjwa wa namna hiyo mwaka tisini na nne, wengu likavimba kama mimba, hospitali wakamrudisha nyumbani ale anachopenda. Yeye zamu yake ilipofika, kliniki ya mjini Moshi ilimpa vidonge vinne vya kila asubuhi, bure, na sasa mwaka wa tatu alikuwa anapalilia mwenyewe. Kijiji kizima kiliona. Dominika, mke wa Kornel, alikatwa titi la kushoto kwa saratani, akaanzishiwa dripu za dawa. Dripu ya pili ilimlaza juma zima akitapika, akaapa harudi.

"Saratani ni saratani," Kornel alisema. "Wewe umesimama, wifi yako amelala. Mgawane."

Wakagawana, viwili kwa viwili. Kila Jumapili baada ya misa Mektrida alifunga vidonge kumi na vinne kwenye karatasi akavipeleka. Alifurahi hata, kwa sababu mlango uliofungwa miaka yote ulikuwa umefunguka.

"Wifi, leo nimemaliza bakuli zima la kiburu, ndizi na maharage yote!" Dominika alimwambia. Mektrida akaamini dawa inafanya kazi.

Miezi mitatu ikapita. Kliniki, daktari Aika, binti wa Kirua Vunjo, aliiangalia karatasi ya vipimo muda mrefu kuliko siku zote.

"Mama, chembe nyeupe zinapanda tena. Inaonekana dawa imeanza kushindwa. Itabidi tuombe nyingine, na hiyo hapa hatuna. Tutaandika, tutasubiri."

Kusubiri! Shangazi naye alirudishwa nyumbani kusubiri hivyo hivyo. Mektrida aliona kwamba akinyamaza, dawa inayomsimamisha itaondolewa kwa kosa lisilo la dawa. Akisema, amemtoa kaka yake hadharani, na kwenye foleni walikuwa wanasema anayegawa dawa anafutwa kwenye orodha ya dawa za bure.

"Unameza vyote vinne?" Aika aliuliza.

"Navimeza."

"Mama..."

"Viwili," Mektrida alisema. "Viwili nampa wifi yangu. Yeye ana ya titi. Haya, nifute."

Aika akaweka kalamu chini. "Kwenu kahawa bado ipo?"

"Iliyobaki."

"Mti ukiliwa na bungua ndani ya shina, utaupulizia dawa ya kutu ya majani?"

"Mjinga gani huyo!" Mektrida alijibu.

"Dawa yako imetengenezwa kwa hitilafu moja tu iliyo kwenye chembe za damu yako. Inaizima hiyo. Saratani ya wifi yako haina hitilafu hiyo. Viwili alivyomeza yeye havikumsaidia, na viwili vyako havikutosha."

Hasira zikampanda Mektrida mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea. "Miaka mitatu nakuja hapa! Bwana shamba alitufundisha dawa za kahawa kwa michoro, moja moja. Dawa ya damu yangu mwenyewe nimeambiwa 'meza'. Basi! Halafu mnasema watu wa vijijini hawaelewi."

"Ni kweli, mama."

"Kweli peke yake haitoshi. Ya wifi yangu ni ipi?"

"Inategemea aina. Kama alipasuliwa, kipande walichokata kilipimwa aina?"

"Tuliambiwa saratani."

"Basi bado hatujajua. Mlete. Na wewe hufutwi, ila kuanzia kesho ni vinne."

Jioni ile ile Mektrida alikwenda kwa Kornel, akamweleza yote.

"Umelivunja isale," mzee alisema.

"Uliniomba mkeo apone. Vidonge vyangu havimponyi. Vaa viatu, asubuhi tunashuka mjini wote watatu."

Kipande cha Dominika kilikutwa kabatini hospitali, kimehifadhiwa kwenye nta tangu siku ya upasuaji. Hakuna aliyewaambia kwamba kilihitaji kupimwa zaidi. Majibu yalichukua majuma matatu: saratani yake inakula homoni za kike, na ipo dawa ya kuinyima chakula hicho. Kidonge kimoja kwa siku, kwa miaka.

"Kimoja tu?" Dominika aliguna. "Wifi anapewa vinne, mimi kimoja!"

"Hujaacha wivu," Mektrida alisema, na Kornel, aliyekuwa hajacheka tangu asubuhi, akacheka.

Kipimo kilichofuata, chembe za Mektrida zilikuwa zimeanza kushuka. Bado hazikuwa zimefika zilipokuwa kabla ya kugawana, lakini daktari hakuzungumzia tena kubadilisha dawa. Mektrida akatoka na karatasi yake mpaka kwenye benchi la foleni, akakaa karibu na mama mmoja kutoka mashamba ya miwa.

"Wewe, mama, umeambiwa ya kwako ni ya aina gani?"

"Ya tumbo."

"Tumbo ni mahali. Nakuuliza aina."

"Sijaambiwa."

"Umeuliza?"

Yule mama akamtazama, akautazama mlango wa daktari. Akakaza kanga kiunoni, akainuka, akaenda kugonga.