Picha ya Kipa Mendel

Pritesh alipoanza kulia jukwaani, Bhavna alitamani kumrushia kikombe. Mtu mzima na tai yake, mwenyekiti wa klabu ya mpira hapa Ilford, anapenga kamasi kwa ajili ya kipa aliyekufa kabla yeye hajazaliwa! Na juzi tu mtu huyo huyo amemfukuza kipa aliye hai, wala ukope haukumcheza.

Kipa mwenyewe ni Bijou, binti wa Kikongo wa kule Tottenham, asubuhi anasafisha maofisi, jioni anadaka mashuti ya timu ya wanawake. Bijou ni Msabato. Nusu fainali ikapangwa Jumamosi hii inayokuja, naye akasema, "Baba Mwenyekiti, siku ya Sabato sichezi. Munihurumie." Pritesh akamwambia aache glavu mezani na asirudi. Msichana akaziacha huku machozi yanamtoka, maana mpira ndio kitu pekee alichokipata Uingereza hii kisicho na ndoo wala brashi. Bhavna, katibu wa klabu, alimtetea mpaka sauti ikamkauka. Wapi! Alijibiwa kwamba klabu si kanisa.

Basi leo Jumapili ukumbi umejaa, sambusa tele, na picha ya Mendel Zaltsman, kipa wa zamani anayeenziwa leo, imetundikwa ukutani. Mendel alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa Kiyahudi, akaidakia klabu hii zaidi ya miaka mia iliyopita, enzi ambazo kipa aliruhusiwa kushika mpira mpaka katikati ya uwanja. Yeye alikuwa akitoka golini akiudunda, washambuliaji wanampisha.

Mjukuu wake, bibi mmoja mkavu aitwaye Jane, ndiye aliyesimulia yaliyobaki. Mwaka mmoja fainali iliangukia siku ya toba, siku ambayo Wayahudi wanafunga na kushinda sinagogi. Mendel akakataa kucheza. Klabu ikamtimua, na hakudaka tena maishani. Alirudi kushona suruali, na kila alipofika karibu na uwanja alivuka barabara.

Hapo ndipo Pritesh alipomwaga machozi. "Aibu yao wazee wale!" akanguruma. "Kumfukuza mtu kwa sababu ya dini yake! Sisi si kama wao."

Loh! Kuna watu uso wao ni mkavu jamani. Bhavna alimtazama akaona kinyaa hasa, kinyaa cha kukuta unywele kwenye mchuzi.

"Ningependa kumshika mkono kipa wenu wa sasa," Jane akasema.

Pritesh, bila haya, akamvuta mpwa wake Leena, aliyevalishwa glavu za Bijou zikampwaya. "Huyu hapa!"

"Mwongo!" Bhavna akasimama. "Kipa wetu ni yule pale nyuma niliyemwalika mimi, Bijou. Umemfukuza juzi kwa sababu Jumamosi anasali. Waambie wageni, Priteshbhai, kaka yangu. Si ulikuwa unalia sasa hivi?"

Pritesh akachekacheka. "Bhavnaben, dada yangu, usichanganye mambo. Ile ni historia. Hii ni nusu fainali."

Jane alikwenda ukutani, akaitungua picha ya babu yake, akaikumbatia kifuani. Fremu ilikuwa nzito, akayumba. Bijou akaja mbio akashika upande wa pili.

Pritesh akababaika, maana kamera ya gazeti ilikuwa inapiga. "Bijou, mwanangu, rudi golini! Nimekusamehe!"

Bijou akageuka. Akazitazama glavu zake mikononi mwa Leena, na kila mtu aliona jinsi anavyolitaka lile goli.

"Jumamosi je, Baba?"

Pritesh akatazama kamera, akatazama viatu vyake. "Jumamosi... hii moja tu, cheza. Mungu ataelewa."

"Mungu anaelewa," Bijou akasema. "Ni wewe tu usiyeelewa."

Wakatoka na picha yao. Bhavna akaokota koti lake akawafuata, na nyuma yake akamsikia Leena akimwambia mjomba wake kwamba yeye mpira anauogopa.