Dakika Mbili Mbele ya Kamati

Wendell Hrabak alikuwa akipewa dakika mbili kila mwaka, na kwa miaka mitano alizitumia vizuri. Bajeti ya jimbo ilitakiwa ipite mwisho wa Juni, na kila mwaka haikupita. Gavana alivutia kwake, Seneti ikavutia kwake, na hospitali ndogo ya Coulter Gap, ambayo haikuweza kuishi bila fungu la serikali, ilibaki katikati ikisubiri wakubwa wachoke. Hapo ndipo hospitali ilipokodi basi, ikagawa mashati ya rangi ya machungwa, na kuwapeleka watu wake mji mkuu wakaongee mbele ya kamati. Wendell ndiye aliyekuwa tegemeo lao.

Alichoongea kilikuwa kimoja tu, na kilimhusu mkewe. Miaka sita iliyopita, siku ya Jumanne, Lorna alikuwa jikoni akikaanga kabichi na tambi, akaweka mwiko chini, akasema mkono wa kushoto haumtii. Wendell, ambaye kazi yake ni kuendesha gari la kuondoa theluji na anaijua kila barabara ya wilaya, alimbeba hadi kwenye pikapu na kufika hospitalini kwa dakika kumi na moja. Daktari alimwambia baadaye kwamba zingekuwa ishirini wangeongea mengine. Basi Wendell aliisimulia hivyo hivyo, kabichi, mwiko, dakika kumi na moja, na kumalizia kwamba leo Lorna yuko nyumbani na bado anamgombeza akiingia na viatu vya matope. Hapo maseneta walicheka. Walicheka mahali palepale kila mwaka, na Wendell alijifunza kunyamaza kidogo ili wamalize.

Mbele ya msemaji kulikuwa na taa tatu, ya kijani, ya njano na nyekundu. Nyekundu ikiwaka kipaza sauti kinazimwa, hata kama unaeleza jinsi mwanao alivyozaliwa. Wendell hakuwahi kuiona nyekundu. Alimaliza kwa dakika moja na sekunde hamsini, na Corinne Delp, msemaji wa hospitali, alisema hajapata kuona mtu anayejua kupima maneno namna ile.

Mwaka huu mvutano ulipita Julai, ukapita Agosti, na wakubwa hawakuchoka. Tarehe mosi Septemba hospitali ikafunga idara ya dharura. Mkutano wa kuwatangazia watu ulifanyika kwenye ukumbi wa zimamoto, na Wendell alikuwepo, kiti cha tatu kutoka mbele, akila keki. Mtu wa dharura sasa angepelekwa Harlan Ferry, mwendo wa dakika arobaini na nane barabara ikiwa kavu. Usiku huo Lorna alibandika karatasi yenye namba ya Harlan Ferry kwenye friji.

Tarehe kumi na tisa, baada ya chakula cha mchana, mkono ukakataa tena. Gari la wagonjwa, ambalo ni moja na linaendeshwa na watu wa kujitolea, lilikuwa njiani kurudi kutoka hukohuko Harlan Ferry. Wendell hakulisubiri. Alimweka Lorna kwenye pikapu, akatoka, na kwenye njia panda ya kanisa, hatua chache kutoka kwao, badala ya kwenda kulia kufuata barabara kuu, akakata kushoto. Alikata kushoto kwa sababu hospitali iko kushoto. Alifika kwa dakika kumi na moja. Mlango wa dharura ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kubandikwa tangazo, na Wendell alilisoma lote, mpaka saini ya chini, kabla hajakumbuka kwamba alikuwa anajua. Lorna alimtazama kutoka kwenye pikapu, na hakusema kitu. Alikufa kwenye barabara ya Harlan Ferry, mbele kidogo ya kituo cha mafuta, ikiwa imebaki nusu ya safari.

Habari ya kukata kushoto Wendell hakumwambia mtu. Wote waliona alijitahidi, barabara ilikuwa ndefu, serikali ndiyo iliyomuua. Walimletea sufuria za chakula zikajaa kwenye friji. Alikula kilichokuwa mbele bila kujua ni nini, akaosha sufuria, akazirudisha kwa wenyewe. Usiku alilala vizuri, jambo lililomshangaza. Alijiambia kwamba siku moja angelia, kama mtu anayejua kwamba lazima siku moja atapeleka gari kwa fundi.

Mwishoni mwa Oktoba Corinne alikuja nyumbani. Kikao cha kamati kilikuwa Jumatano, naye alikuwa ameandika ukurasa mmoja kwa ajili ya Wendell. Alisema haraka haraka kwamba mwenyekiti wa kamati, Seneta Fenner, ndiye mwenye ufunguo. Akikubali fungu la dharura litoke peke yake kabla ya bajeti, mlango unafunguliwa ndani ya wiki mbili. Asipokubali, madaktari wawili waliobaki wameshapata kazi kwingine, na mlango ule haufunguliwi tena.

"Sisi wengine tumeshamchosha," alisema Corinne. "Wewe anakujua. Alimjua Lorna, namna ile ile ya kumjua mtu kwa kusikia. Wendell, hii ya sasa ina nguvu zaidi kuliko ile."

Alisikia alichokisema, uso ukamshuka, akaanza kuomba radhi. Wendell alimwambia hakuna neno. Na kweli hapakuwa na neno. Alichukua karatasi akaisoma wamesimama palepale mlangoni. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Sentensi ya nne ilisema kwamba Wendell alielekea moja kwa moja Harlan Ferry, na kwamba alifanya kila kilichowezekana.

Binti yake, Janine, anayeishi mbali upande wa magharibi, alipiga simu siku hiyo hiyo. Kwanza alimkataza baba yake kwenda kumtembeza mama yake mbele ya watu wale. Kisha akapenga kamasi, akabadilika.

"Ukienda, Baba, waambie yote. Usiwaonee haya."

"Yote," alisema Wendell.

Jumatano basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kiti cha jirani alikaa Thelma Rusk, mama wa miaka sabini na tisa ambaye anasafishwa damu mara tatu kwa wiki na hakuna safari ya basi hili aliyowahi kuikosa. Thelma alilalamika kwamba shati la mwaka huu limemfanya afanane na koni ya barabarani, na kwamba Fenner akimwona atazunguka aende kushoto. Wendell alitikisa kichwa kukubali. Thelma akamtazama, akafungua mfuko wake, akampa nusu ya mkate wake wenye yai.

"Kula. Huwezi kuwatukana wakubwa na tumbo tupu."

"Siendi kutukana, Thelma."

"Basi mimi nimekupa yai langu bure."

Alikula. Safari nzima alikuwa na karatasi ya Corinne mfukoni, na kichwani alikuwa na yake, fupi, yenye njia panda ndani. Aliamua kwamba angesema yake. Haikuwa ujasiri. Aliona tu kwamba kama watu watamtumia Lorna kufungua mlango, basi watumie kilichotokea. Kama Thelma na wengine wakimwangalia vingine baada ya hapo, watakuwa na haki yao.

Chumba cha kamati kilikuwa na joto, zulia nene, na maseneta tisa, sita kati yao wakiangalia simu zao. Fenner alikaa katikati, mtu mnene mpole mwenye sauti nzuri. Jina likaitwa. Wendell akaenda, akakaa, akasogeza kipaza sauti. Taa ya kijani ikawaka.

"Jina langu ni Wendell Hrabak, natoka Coulter Gap," alisema, na baada ya hapo mdomo ukaenda wenyewe.

Ulisema siku ya Jumanne. Ulisema kabichi na tambi, na mwiko uliowekwa chini. Wendell alijisikia akisema na hakuona mahali pa kuingilia, maneno yalishikana hivyo kwa miaka mitano. Ulisema dakika kumi na moja na daktari. Na kitu cha ajabu ni kwamba alijisikia vizuri. Tangu Septemba hakuwa amesikia chochote, si njaa wala baridi, na sasa, kwa dakika moja na sekunde hamsini, Lorna alikuwa amepona, na yeye hakutaka hadithi ifike mwisho. Lakini ilifika. Leo yuko nyumbani, alisema, na bado ananigombeza nikiingia na viatu vya matope. Akanyamaza kidogo. Maseneta wakacheka.

"Tunashukuru sana, Bwana Hrabak," alisema Fenner, akiinua macho. "Sisi huku tunakuona kama ndugu. Msalimie mkeo."

"Nitamsalimia," alisema Wendell.

Alirudi mahali pake. Corinne alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili. Thelma alimshika Wendell kiwiko na hakukiachia.

Fenner aliweka simu yake chini akawageukia wenzake. Alisema kwamba kila siku wanaambiwa hospitali za vijijini zinakufa, na kwamba wao ndio wanaoziua. Huyu hapa, alisema, ametoka huko kijijini asubuhi hii, hakuna aliyemlazimisha. Mkewe mzima, anapika kabichi. Yeye haoni sababu ya kutoa fungu la haraka kwa sababu ya kelele za gavana. Wawili watatu wakatikisa vichwa kukubali, na karani akaita jina linalofuata.

Wendell akainuka. Mwanamke aliyeitwa alikuwa ameshakaa kwenye kiti, akamwona anakuja, akampisha bila kuulizwa. Taa zote tatu zilikuwa zimezimwa, na kipaza sauti pia. Aliongea kwa sauti yake ya kawaida, na waliokaa nyuma walilazimika kuinama mbele.

"Mheshimiwa, mke wangu amekufa. Tarehe kumi na tisa Septemba. Nilisahau kusema."



"Nilimpeleka kwanza pale kwetu," Wendell aliendelea. "Nilijua pamefungwa, nilikuwepo kwenye mkutano. Lakini nilikata kushoto. Nilizoea. Tukapoteza dakika ishirini na mbili, kwenda na kurudi. Sijui kama angefika. Daktari hawezi kusema. Hakunigombeza."

Hakuna aliyecheka. Seneta mmoja wa pembeni aligeuza simu yake kifudifudi. Fenner alisema samahani, akasema tena samahani, akatazama karatasi zake kana kwamba jibu liliandikwa humo, kisha akasema kwamba kwa kanuni za kamati kila raia huongea mara moja tu, na kwamba hajui afanyeje. Alikuwa mwekundu hadi shingoni. Hakusema atatoa fungu wala hatalitoa.

Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alisimama akaja mpaka mezani. Alikuwa na machozi, lakini kila kinachosemwa chumbani mle kilitakiwa kiandikwe, na kazi hiyo ilikuwa yake.

"Bwana Hrabak," alisema taratibu, "niandike kwamba huu ni ushahidi mpya, au ni marekebisho ya ule wa kwanza?"

Wendell akafikiri. Aliona ni swali la haki, na kwamba lilikuwa la kwanza aliloulizwa tangu Septemba ambalo alikuwa na jibu lake.

"Marekebisho," alisema. "Pale niliposema yuko nyumbani, futa."