Fundi na Wenzake

Fundi alikuwa akitia zipu kwenye sketi ya sare aliposikia bomba linavuja nyuma ya karakana. Akanyanyuka kwenda kulifunga. Hata hivyo alibaki pia ameketi, mguu kwenye pedeli ya cherehani. Yule aliyekwenda bombani akakuta vikombe vichafu, akaanza kuviosha. Kabla hajamaliza akakumbuka kitufe kilichodondoka asubuhi, na wa tatu akachomoka kwenda kukitafuta chini ya meza.

Ilipofika jioni walikuwa wameenea karakana nzima. Msimamizi akawapitia mmoja mmoja kwa macho.

"Watu wote hawa," akasema, "na sketi moja imewashinda?"

Nyumbani mumewe alichungulia mlangoni, akaongeza maji sufuriani. Wote walirudi hoi, na wote walitaka kitanda. Mume akalala kwenye kochi.

"Mke wangu, sikulaumu," alimwambia asubuhi, akijikanda shingo. "Ila nikikuagiza kitu, sijui nimemwagiza yupi."

Mama yake Fundi, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, aliendelea kumenya vitunguu.

"Tangu utotoni yuko hivyo. Niliwachapa wote, hawakukoma."

"Kumbe uliwaona, Mama?" akauliza Fundi.

"Mimi si kipofu, mwanangu. Nilidhani ni ukaidi."

Walipokwenda kliniki, daktari aliomba benchi jingine liletwe, akasubiri wote wakae.

"Wewe si mvivu," akasema. "Akili yako inaitika kila mlango unaobishwa. Hali hii inaitwa ADHD. Mtu huzaliwa nayo, na anaweza kuishi nayo vizuri."

Fundi akalia. Wenzake nao wakalia, kila mmoja kwa wakati wake, kwa hiyo kilio kilichukua muda.

Dawa aliyopewa haikuwafukuza wenzake. Iliwafanya wasikie wanapoitwa. Mume aliacha kupiga kelele kutoka jikoni. Alimsogelea, akamgusa bega, akasema jambo moja, akangoja lishike. Fundi naye aliacha kugombana na wenzake. Kazi ya kukata vitambaa aliifanya asubuhi, akili ikiwa bado mbichi, na aliyeshindwa kukaa alimruhusu azunguke uani mpaka miguu itosheke. Siku nyingine walikuwa wawili tu, na sketi zilikwisha. Siku nyingine nyumba ilijaa, wakalala hivyohivyo.

Kisha binti yake wa darasa la tatu akarudi kutoka shule akiwa wawili. Wote walikuwa na vumbi magotini.

"Mwalimu ametupigisha magoti," akasema mmoja. Mwingine alikuwa akimtazama mjusi ukutani.

Fundi akaenda shuleni, akaeleza yote aliyoelezwa na daktari. Mwalimu mkuu alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mama. Lakini dawati ni la mtoto mmoja."

"Basi ongezeni kiti."

"Kwanza atulie. Akitulia, tutaona."

Kiti hakikuongezwa. Watoto waliendelea kwenda shule wawili na kurudi na vumbi lao. Kila jioni Fundi aliweka beseni la maji ya vuguvugu, akaosha magoti manne, akianza na ya yule aliyekuwa akitazama pembeni.

"Huna kosa," alimwambia.

Halafu akamgeukia wa pili, akamwambia vilevile, maana naye alikuwa na masikio yake.