Ibada ya Kumwombea Yona

Kaka yangu Yona alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu alipoanza kusikia sauti za watu wakimsema ukutani. Baba akamfuata, akamrudisha kwetu Gonja, akamweka chumba cha uani, nyuma ya jiko. Baba ni mzee wa kanisa. Usharikani tukasema Yona amepata kazi Msumbiji.

Kila mwezi mama alipanda basi hadi Same mjini kumchukulia dawa, mahali asipojulikana. Dawa zikamkubali. Yona akanenepa, akawa anapalilia nasi tangawizi nyuma ya nyumba na kunitania kama zamani.

Kisha washenga wa mchumba wangu Method wakaja kutoka kijiji cha Bendera kuniposa. Asubuhi ile Yona alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe.

"Nitawaamkia tu, Asnath," aliniambia. "Halafu narudi ndani."

Baba akanivuta pembeni. "Hawa wamekuja kuchunguza ukoo. Kamfungie."

Nilimfungia mwenyewe, kwa nje. Hakubisha.

Mazungumzo yalikwenda vizuri hadi mshenga mkubwa aliposikia habari za Msumbiji. Alifurahi. Mpwa wake alikuwa hukohuko. "Nipe namba ya kijana, mzee mwenzangu, nimpe mpwa wangu waonane."

Baba alikiweka chini kikombe chake cha chai.

"Kijana alifariki," akasema. "Taarifa tumeipata juzi, amezikwa hukohuko. Hatukutaka kuchanganya msiba na posa."

Mama alitoka, akaenda jikoni. Wageni walidhani ni uchungu, na kweli ulikuwa uchungu.

Habari haikukaa siku mbili, ikaenea kijiji kizima. Majirani walikuja na mchele, kuni na kanga begani. Mchungaji akapanga ibada uani kwetu, hatua chache kutoka dirisha la chumba kile. Watu waliimba, wakalia. Mwalimu wake wa shule ya msingi alisimama akasema hajapata kufundisha mtoto mwenye akili kama Yona. Mimi nilikaa kwenye mkeka nimeinamisha kichwa, nikiomba asikohoe. Hakukohoa.

Watu walipotawanyika, mama alimpelekea vidonge na maji.

"Maiti haimezi vidonge, mama," alisema, akageukia ukuta.

Tangu siku hiyo hakumeza tena. Mama alimbembeleza, akavisaga akavichanganya kwenye uji. Yona akaacha na uji. Sauti zilirudi, na safari hii alizijibu. Kumpeleka hospitali kukawa hakuwezekani: nani angempitisha njiani mtu aliyekwisha kuombewa?

Niliolewa Agosti. Sasa ni miaka minne. Method hajui.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mama, miguu imemvimba, hatembei bila fimbo. Yona alikuwa kajikunyata kwenye kona, mifupa mitupu. Nilimwita jina. Hakugeuka.

"Nikiondoka mimi," mama aliniuliza, "nani atamlisha?"

Nilichukua mkoba wangu. Method alikuwa ananisubiri barabarani na pikipiki, nami nilikuwa nimemwambia sitakawia.